Je, Wajua? Mzabibu wa Makutupora na Ngitili ya Shinyanga

Je, wajua kwamba mojawapo ya kumbukumbu ndefu za joto barani Ulaya iliandikwa na watu waliokuwa wakingoja mvinyo? Mjini Beaune, katika eneo la Burgundy nchini Ufaransa, siku ya kuanza kuvuna zabibu imehifadhiwa tangu mwaka 1354. Zabibu huwahi kuiva mwaka ukiwa wa joto na huchelewa ukiwa wa baridi. Kwa hiyo karani aliyeandika siku ya mavuno alikuwa akiandika pia, pasipo kukusudia, hali ya hewa ya mwaka wake. Watafiti waliichambua orodha hiyo na kuichapisha mwaka 2019. Waligundua kwamba tangu mwaka 1988 mavuno ya Beaune huanza, kwa wastani, siku 13 mapema kuliko yalivyokuwa katika karne zote zilizotangulia.

Usukuma hauna daftari la namna hiyo. Lakini una maarifa ya aina ileile, yaliyowekwa mahali pengine: katika majina ya udongo, katika siku ya kufunga malisho na siku ya kuyafungua, katika tuta la jaruba, katika viazi vilivyoanikwa juu ya mwamba. Nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita imezoea kusikika kwa almasi na dhahabu tu. Mimi naona utajiri wake ambao dunia inauhitaji zaidi leo ni ule wa kujua lini.

Tuanzie kwa jirani, maana mvinyo wa nchi hii unatoka Dodoma. Basi litokalo Shinyanga hupita Tinde, Nzega na Igunga, hupanda Sekenke, huikata Singida na Manyoni, kisha huingia kwa Wagogo, kwenye nchi ya mibuyu, vumbi na zabibu.

Vitabu vya mvinyo hufundisha kwamba mzabibu hustawi kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini au kusini. Dodoma ipo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Kule Ulaya baridi ndiyo huulaza mti: majani hupukutika, matawi hubaki kama kuni kavu, na mti haunyanyuki mpaka joto lirudi. Dodoma haina baridi ya kiasi hicho. Mzabibu ukiachwa wenyewe huchipua wakati wowote, tawi hili lina maua, lile lina punje mbichi, na jingine lina zilizoiva. Basi mkulima ndiye anayeshika kazi ya baridi. Akipogoa, mti unaanza safari upya, na baada ya miezi kama minne anavuna. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba, wakati Mfaransa anavuna mara moja.

Hebu fikiri maana yake. Beaune joto limewasogezea siku ya mavuno bila kuwauliza. Dodoma siku ya mavuno inaanzia kwenye mkasi wa mkulima.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Ya msimu wa mvua hukutana na unyevu: punje hujaa maji, sukari inapungua, na magonjwa ya ukungu kama ubwiri huingia shambani. Ya kiangazi ndiyo yenye sukari ya kutosha na ngozi safi, ila yanahitaji kumwagiliwa. Mashamba kama ya Chinangali wilayani Chamwino yalifungiwa mipira ya matone kwa sababu hiyo, maji yadondoke kwenye shina badala ya kupotelea hewani. Joto likizidi, mkulima hataweza kuliepa kwa mkasi peke yake. Atategemea maji yaliyo chini ya miguu yake.

Na hapa kuna jambo linalostahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ni jina la vitu vitatu. Kwanza ni mahali. Pili ni kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Tatu ni aina ya zabibu nyekundu inayokamuliwa mvinyo. Lakini Makutupora pia ni bonde la visima vinavyoinywesha Dodoma, na kina cha maji yake kimepimwa kwa miaka mingi kiasi kwamba mwaka 2013 wanasayansi walichapisha kumbukumbu ya miaka 55. Walichokiona ni hiki: katika miaka ya kawaida maji ya chini hushuka tu, polepole. Hayapandi kwa manyunyu. Hupanda katika misimu michache ya mvua kubwa mno, nyingi zikiwa za El Niño, na msimu wa 1997/98 uliyajaza kuliko mwingine wowote. Sote tunazikumbuka mvua zile kwa madaraja yaliyosombwa na barabara zilizokatika. Chini ya ardhi zilikuwa zikiweka akiba ambayo watu wangeichota kwa miaka.

Jina la zabibu kutokana na kituo cha utafiti si jambo geni Kanda ya Ziwa. Mbegu za pamba zilizolimwa Shinyanga na Geita kwa miongo kadhaa zinaitwa UK, na wapo wanaodhani ni heshima kwa Uingereza. La hasha! UK ni Ukiriguru, kituo kilichopo Misungwi, mkoani Mwanza. Wataalamu wa Ukiriguru walichagua pamba yenye malaika kwenye majani, kwani vinyoya hivyo huwasumbua wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.

Bordeaux nako wamebadili mbegu. Mwaka 2021 mamlaka ya Ufaransa iliwaruhusu wakulima wa eneo hilo kupanda aina sita mpya za zabibu kwa majaribio ya kuhimili joto, mojawapo ikiwa Touriga Nacional ya Ureno, kwa masharti kwamba zisizidi asilimia 5 ya shamba. Kwa watu wanaolinda majina ya zabibu zao kama wanavyolinda majina ya ukoo, huo ni uamuzi mzito.

Sasa tuingie Shinyanga kwenyewe.

Je, wajua kwamba Wasukuma wana jina la kila hatua ya mteremko? Simama juu ya kilima cha mawe, yale majabali ya mviringo yanayoonekana kutoka barabarani, kisha shuka ukiangalia chini. Karibu na mawe ni kichanga, isanga na luseni, udongo mwepesi wa muhogo, karanga, njugu mawe na viazi vitamu. Ukishuka zaidi unafika itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake, na kuna ibambasi, mgumu kiasi cha kulikataa jembe wakati wa kiangazi. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa ukikauka na kuwa gundi ukilowa. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, aliieleza dunia ya sayansi kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio kutoka kilele hadi bonde. Aliuita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na hadi leo wanafunzi wa udongo duniani kote hulisoma. Pingili za mnyororo huo zilikuwa tayari na majina ya Kisukuma.

Burgundy wanafanya vivyo hivyo, na wanajivunia kwa sauti kubwa. Mteremko wao umegawanywa katika vipande 1,247, kila kipande na jina lake, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia. Sisemi tuwaonee wivu. Nasema kijana wa Shinyanga anayesoma kilimo chuoni asione haya kuandika luseni na itogolo katika kazi yake, maana maneno hayo yanabeba habari ambayo ramani nyingi hazina.

Ule udongo mgumu wa itogolo na ibambasi, ambao mtu mwingine angeuita mbovu, ndio uliozaa mpunga wa Usukuma. Kwa kuwa maji hayazami, mkulima hujenga matuta kuzunguka kishamba chake na kuyanasa maji yanayoteremka kutoka luseni. Hilo ndilo jaruba. Hakuna mto, hakuna mfereji wa serikali, hakuna pampu. Ni mvua ya juu ya kilima inayosubiriwa chini ya kilima. Mkoa wenye mvua chache kama Shinyanga, ambako mahindi hukauka mara kwa mara, umekuwa miongoni mwa mikoa inayolisha nchi wali, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekuja hadi Maswa, ambayo leo ipo mkoani Simiyu, kujifunza namna tuta linavyofanya kazi.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote ni cha ngitili.

Zamani kila kaya yenye ng'ombe ilikuwa na sehemu iliyotengwa. Mvua zikianza, sehemu hiyo hufungwa. Mifugo haingii, nyasi zinakua, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikishika na malisho ya nje kuisha, ngitili hufunguliwa, si yote kwa mara moja bali kipande kwa kipande, na wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Ni ghala lisilo na paa. Ndani yake miti nayo huinuka, kwa sababu hakuna anayekanyaga miche.

Kisha ngitili zikapotea. Sababu ya kwanza ilikuwa mbung'o. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Charles Swynnerton aliongoza kampeni ya kufyeka misitu ya Shinyanga ili mdudu huyo akose kivuli, na makao ya utafiti wa mbung'o yakawekwa Shinyanga ya Kale. Mbung'o walirudi nyuma kweli, ng'ombe wakaongezeka, ila misitu ilikwenda pamoja nao. Ikafuata pamba, iliyotaka mashamba mapana. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kuwapeleka katika vijiji vipya, na mtu aliyehamishwa hakuweza kuilinda ngitili iliyobaki nyuma kwenye mahame yake. Hadi katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimesalia hekta kama 600 tu katika mkoa mzima, na mkoa ule ulikuwa mkubwa kuliko wa leo. Upepo ulibeba udongo. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni, na wengi walipikia samadi. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwalimu Nyerere alifika mwaka 1984 na hali ile ikamshtua. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Norwe ilitoa fedha, na kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF, chenye makao Nairobi, kilitoa wataalamu. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya: ulifungua bustani za miche, miti mingi ikiwa ya kigeni, na kuwagawia watu. Watu hawakuichangamkia. Ndipo wakaulizwa wanataka nini, na wengi walijibu kwa neno moja la kwao.

Napenda kulitazama jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kazi iliyofuata ilikuwa nyepesi kuliko mtu anavyotarajia. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa, visiki na mizizi ya migunga na mipingo vilikuwa bado hai. Vilihitaji kuachwa. Eneo likifungwa, machipukizi yalitoka bila mche mmoja kununuliwa. Ulinzi nao ulikuwapo tayari. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka hukohuko mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, lilianza kuwakamata pia waliochunga ndani ya ngitili iliyofungwa. Kesi ilisikilizwa kwenye dagashida, mkutano wa kijiji, na mkosaji alitozwa mchenya, yaani faini ya jadi.

Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi katika vijiji 833, na makadirio ya eneo yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000. Watafiti waliohesabu ndani yake walikuta aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Walihesabu pia faida: kuni, asali, nyasi za kuezekea, dawa, matunda, nguzo. Ilifikia kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya Mtanzania wa kijijini yalikadiriwa kuwa dola 8.50. Mwanamke aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni aliokoa saa 2 hadi 6 kwa siku. Katika takwimu zote za HASHI, hiyo ya mwisho ndiyo ninayoikumbuka kila nikisikia mtu akizungumzia tabianchi kana kwamba ni habari ya anga peke yake.

Wasomaji wa Geita wasidhani hayo yanawahusu Wanashinyanga tu. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, na Bukombe, ambako HASHI ilifanya kazi, ilitolewa Shinyanga na kuingizwa humo. Kwa hiyo Geita imerithi ngitili pamoja na dhahabu. Na vitu hivyo viwili vinagusana: mashimo ya wachimbaji wadogo, yanayoitwa maduara, hushikiliwa kwa miti inayosimikwa ukutani ili kifusi kisiporomoke juu ya watu. Dhahabu ya Geita imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Gogo la kuzuia duara linahitaji miaka mingi ya mvua, na mchimbaji analihitaji kesho asubuhi. Kijiji chenye ngitili kinaweza kukubaliana juu ya mti upi ukatwe na upi uachwe. Kijiji kisicho nayo hukata kinachoonekana.

Geita ina mmea mwingine wa kujifunza kwake. Mananasi yake yanasifika hadi nje ya Kanda ya Ziwa, na nanasi lina desturi ya ajabu: hufunga matundu madogo ya majani yake mchana, jua likiwa kali, na huyafungua usiku. Hewa ambayo mimea mingine huivuta mchana, lenyewe huivuta gizani, huihifadhi kama tindikali ndani ya jani, kisha huitumia kutengeneza sukari jua likichomoza. Maji machache sana hupotea. Mzabibu hauna uwezo huo.

Na mvinyo, je? Usidhani lazima utoke kwenye zabibu. Palipo na sukari na hamira panaweza kuwa na mvinyo. Mkoani Tabora, mpakani mwa Shinyanga, wanawake wa vijijini walifundishwa kupitia kazi za ICRAF kusindika matunda ya pori kuwa juisi, jamu na mvinyo. Miongoni mwa matunda hayo ni mbula na mtonga. Mbula huiva mwishoni mwa kiangazi, wakati shamba halina kitu, kwa sababu mizizi ya mti wake hufika mahali ambapo jembe halijawahi kufika. Ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, nao haujali mvua ikichelewa. Kuna pia mng'ong'o, mti unaoota katika nchi hizihizi kavu. Afrika Kusini tunda lake linaitwa marula, hutengenezwa kinywaji kitamu chenye krimu na kuuzwa katika viwanja vya ndege duniani. Huku kwetu mara nyingi huokotwa na watoto wachungaji. Miti ya namna hiyo hurudi ngitili inapofungwa, na hakuna anayeimwagilia.

La mwisho ni la jikoni. Je, wajua tofauti ya michembe na matobolwa? Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na wageni huvichanganya. Michembe hukatwa viazi vikiwa vibichi na kuanikwa juu ya mwamba. Matobolwa huchemshwa kwanza, hukatwa, ndipo huanikwa. Kazi hii hufanywa viazi vikiwa vingi na jua likiwa kali, ili kaya ivuke miezi ile ambayo ghala hulia. Baadaye michembe hupikwa kwa maji na kutiwa karanga zilizotwangwa. Matobolwa hayadai hata ukuni mmoja zaidi: mama huyatoa chunguni na kuwagawia watoto wanaotoka na ng'ombe, kwani yalikwisha kupikwa tangu siku ile ya neema.